Darubini, vigingi na mpaka wa shamba

Wale mliozoea kuja hapa kutafuta habari za Linux na hifadhidata mtanivumilia, maana leo sina hata mstari mmoja wa msimbo. Leo ni habari ya chuma, matofali na jirani, na yote yalitokea nyumbani kwetu Ndalu, likizo ya Krismasi ya mwaka 2024.

Kwanza darubini yenyewe. Niliinunua Nairobi kwa mtu aliyekuwa anahama. Ni ya kioo, kipenyo milimita 114, urefu wa fokasi milimita 900. Sitataja bei, kwa sababu mama aliikisia akasema hiyo ni pesa ya ndama, na hakukosea sana. Ugonjwa huu niliupata zamani. Tarehe 3 Novemba 2013, Jumapili jioni, jua lilipopatwa, nilikuwa shule ya upili, na mwanga uliopenya kwenye majani ya mti ulichora vimwezi vidogo vingi kwenye ukuta wa bweni. Walioenda Turkana ndio waliokuwa kwenye njia yenyewe ya kivuli. Sisi tulipata vimwezi vya ukutani, na mimi vilinitosha kwa miaka kumi.

Haya, tuje kwenye kazi. Darubini ndogo huuzwa na kibebeo cha aina mbili. (Kuna jina lake la Kiingereza ambalo ukilitamka Kiswahili linakaribia "mauti", kwa hiyo hapa nitaita shingo.) Shingo ya kwanza ni rahisi: juu, chini, kushoto, kulia. Ya pili huitwa shingo ya ikweta. Hii ina mhimili mmoja ambao lazima uulaze sambamba na mhimili wa dunia. Ukishaulaza sawasawa, unazungusha kitasa kimoja tu na nyota inabaki mbele ya jicho lako. Dunia humaliza mzunguko kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani digrii 15 hivi kila saa. Kwa lenzi ya milimita 10 darubini yangu hukuza mara 90, na nyota ukiiacha bila kuifuata inatoka kwenye duara katika dakika mbili.

Sasa kichekesho. Shingo inaitwa ya ikweta, lakini ukiileta Ikweta haitaki kukaa. Kijitabu kilichokuja nayo kinasema: tafuta nyota ya Polaris, elekeza mhimili huko. Urefu wa Polaris juu ya upeo wa macho ni karibu sawa na latitudo ya mahali ulipo. Ndalu iko Kaskazini mwa Ikweta kwa chini kidogo ya digrii moja. Maana yake ni kwamba Polaris kwetu inakaa pale mbingu inapogusa ardhi, nyuma ya mikaratusi, na sijawahi kuiona hata siku moja nikiwa nyumbani. Kijitabu kinaendelea: weka kipimo cha latitudo. Skrubu yangu iligoma kwenye 15. Walioiunda walimfikiria mtu wa latitudo 40, basi. Mnazijua zile fomu za mtandaoni zinazokataa kukuendeleza mpaka ujaze msimbo wa posta wa tarakimu tano? Ni hitilafu ileile, ila hii imetengenezwa kwa chuma.

Dawa yake ni kuinamisha miguu mitatu yote. Nilihitaji kushuka digrii 14 kuelekea kaskazini. Kutoka mguu wa kusini hadi mstari wa miguu miwili ya kaskazini ni sentimita 80. Tanjenti ya 14 ni kama 0.25, kwa hiyo sentimita 20. Matofali mawili ya kuchoma. Nikafunga na jiwe kwenye mguu huo wa kusini, maana mzigo wote sasa ulikuwa unataka kuanguka kaskazini. Jambo moja kijitabu hakisemi: usiweke mguu mmoja kaskazini kama kwenye picha. Huku kwetu mhimili umelala karibu kama ekseli ya mkokoteni, na uzani wa kusawazisha unaning'inia chini moja kwa moja, unagonga mguu. Weka miwili kaskazini, uzani upite katikati. Hilo lilinigharimu asubuhi nzima na rangi kidogo ya mguu.

Ikabaki kupata kaskazini. Dira ya simu karibu na vyuma na mabati hudanganya, hivyo niliamua kutumia kivuli. Saa za Kenya zinafuata longitudo 45 Mashariki, na sisi tuko karibu na 35. Kila digrii ni dakika nne. Kwa hiyo jua letu la utosini linachelewa kama dakika 40, na mwishoni mwa Desemba hakuna nyongeza kubwa nyingine ya kuhesabu: saa saba kasoro dakika ishirini mchana, kivuli kinaonyesha kaskazini halisi. Fimbo fupi ingenipa kivuli kifupi na kosa kubwa, hivyo nikasimamisha mwanzi wa mita tatu, kwa timazi. Kivuli chake kilikuwa kama mita moja na theluthi. Nikapiga kigingi huku, kigingi kule, nikavuta kamba ya fundi mita kumi ili niione usiku. Juu ya mwanzi nikafunga kitambaa chekundu, watoto wasiuparamie.

Mahali pekee palipo wazi, mahindi yakiwa yameshavunwa, ni ukingoni mwa shamba, kando ya mikonge ya mpaka.

Ninyi mlioko mjini hamjaona tatizo bado. Na mimi sikuliona, na nina shahada.

Huku kwetu kulikuwa mashamba ya walowezi, yakagawiwa watu baada ya uhuru. Babu yangu na baba yake jirani walipata vipande vilivyopakana, wakapanda mikonge katikati. Mwaka 2019 sehemu ya mikonge ilikauka, ikapandwa mingine, na tangu siku hiyo baba anasema jirani ameingia hatua tatu, na jirani anasema baba ndiye aliyeingia. Hatua tatu. Hawasalimiani. Mazishi ya bibi yangu jirani alisimama barabarani, hakuingia.

Basi mchana wa tarehe 27 Desemba huyo mzee anaona mtoto wa adui yake, msomi kutoka Nairobi, kando ya mpaka, ana chombo cha miguu mitatu, mwanzi wenye kitambaa chekundu, vigingi na kamba iliyonyooka.

Alikuja na vijana wake wawili na mzee wa kijiji. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kijana, baba yako amekutuma upime?"

"Hapana, mzee. Hii ni darubini ya kuangalia nyota."

"Saa nane mchana?"

Nilijaribu kueleza kivuli. Nilijaribu kueleza ncha ya kaskazini. Ndugu zangu, nimewahi kueleza kwa nini seva ilizimika usiku wa siku ya mishahara, mbele ya mabosi watano, na haikuwa ngumu hivi. Mmoja wa vijana alinama akaangalia kamba inaelekea wapi. Ilikuwa inakata mikonge kwa pembe ndogo, pale palipopandwa upya.

"Ng'oa," mzee akasema.

Wakati huo baba alikuwa ameshafika. "Usiguse," akaniambia mimi, si wao. "Hili ni shamba letu. Weka hata vigingi mia."

Niliwaangalia wote wawili. Mzee wa kijiji alikuwa anaangalia viatu vyake. Kila familia ya huku ina mtu aliyekumbana na ghasia za ardhi za mwaka 1992, na hakuna asiyejua jambo kama hili linavyoanza. Niling'oa vigingi. Nikakunja kamba, nikalaza mwanzi, nikabeba darubini hadi uani mbele ya jikoni. Baba aliingia ndani, hakuniongelesha mpaka jioni. Kabla mzee hajaondoka nilimwambia, kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko nilivyotaka, "Njoo usiku uone mwenyewe, baba."

Sikudhani angekuja. Saa tatu usiku tukaona tochi langoni.

Mwezi haukuwepo, na mbingu ya Desemba ya huku haina mfano. Nilimwonyesha Zuhura kwanza kabla haijazama, nusu imeng'aa kama mwezi mdogo. Kisha Mshtarii, iliyokuwa karibu na Kilimia, pamoja na vinukta vyake vilivyojipanga mstari, vilevile Galileo alivyoviona mwaka 1610. Alitazama muda mrefu.

"Imetoroka," akasema.

Nikamwekea mkono wake kwenye kitasa. Akazungusha, Mshtarii ikarudi, akaishikilia hapo kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Lakini taratibu ilikuwa inateleza kwa upande, kwa sababu kaskazini yangu ya uani ilikuwa ya kukisia tu. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo ile kamba ilikuwa ya kazi kweli." Nikasema ndiyo.

Nitawaambia jinsi tulivyoirekebisha, maana njia hii haihitaji Polaris wala kamba. Unasubiri nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu ipite juu yako. Kwetu zile nyota tatu za mkanda wa Orion hupita karibu utosini kabisa, na mwishoni mwa Desemba hufika hapo karibu saa sita usiku. Unaifuata mojawapo kwa kitasa kimoja. Ikiteleza kusini, mhimili wako umeelekea mashariki mno. Ikiteleza kaskazini, umeelekea magharibi mno. Unageuza kidogo, unaangalia tena. Kazi hii inataka mtu mmoja wa kuangalia na mwingine wa kusukuma, na mimi nilikuwa nimeshika kitasa.

Mzee alikuwa kwenye lenzi. Baba alikuwa ametoka na kiti chake, kwa kisingizio cha chai.

"Inaenda kusini," mzee akasema. Kisha, kwangu: "Mwambie asukume hilo tofali kuelekea mashariki."

"Muulize kiasi gani," baba akaniambia.

"Kidole kimoja."

Baba akainama, akasukuma tofali kidole kimoja. Tukasubiri dakika tano. Bado inaenda, ila polepole. Nusu kidole. Tukasubiri tena; mama akaleta chai ya pili bila kuombwa. Mara ya tatu mzee hakunipitia mimi. "Sukuma tena," akasema, "kidogo sana." Baba akasukuma. Tukakaa robo saa nyota haijatoka katikati, na wao wawili wakaanza kubishana kama ilikuwa imesogea au la.

Mzee alienda kwake karibu saa saba. Habari ya mikonge haikutajwa, na mpaka leo iko kwa wazee wa ardhi, itasikilizwa watakapoitana. Mimi nilirudi Nairobi tarehe 2 Januari. Darubini nimeiacha nyumbani na matofali yake, nikayachorea alama ya chokaa chini ili yasipotee mahali pake.

Vigingi viko chini ya kitanda changu. Baba ameshaniuliza mara mbili kwa simu niliviweka wapi, na sijamwambia.