Kicheko cha chini ya muembe

Sisi wa mwaka wa mwisho tuliochaguliwa kuchunga nidhamu tunataka kusema juu ya kicheko. Si kile cha mpira, kile ni kizuri. Ni kile kinachotoka chini ya muembe saa ya mapumziko, wakati mwenzetu aliyefika toka Kasai anatafuta neno la Kiswahili.

Tunamuona. Kifaransa anajua, kwa hesabu anatupita wengi. Lakini Kiswahili kinamkatalia. Anaanza, anasimama, anaanza tena, na mbele hajamaliza mmoja anapiga kelele "Eh, sema basi!", mwingine anamtupia neno. Wanafikiri ni msaada. Hapana! Ile neno lilikuwa njiani, wamemnyang'anya. Kisha siku mbili hafungui kinywa, anaitikia na kichwa tu.

Wanaocheka tuwaulize: babu yako alikuja hapa na Kiswahili? Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na kazi ya shaba iliita watu toka kila upande: Rodezia ya Kaskazini (leo Zambia), Ruanda-Urundi, Lomami, Kasai. Mwaka 1928 reli ya B.C.K. ilifika mpaka Port-Francqui, leo Ilebo, ikaleta wengi tena. Katika kambi za Union Minière Mubemba alikaa mlango kwa mlango na Muluba na Munyarwanda. Wengi hawakunyonya Kiswahili kwa mama. Walijifunza wakiwa watu wazima, beleshi mkononi, mmoja akimngojea mwingine. Ndiyo sababu Kiswahili chetu kiko vile kiko, na watu wa Zanzibar wakitusikia wanashangaa.

Kuna na jambo ambalo wazazi wanalisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa kwa wingi hapa Katanga. Wengi walilala kwa stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni. Hatusemi kicheko cha wanafunzi ni sawa na ile. Lakini mwenzetu ameisikia kwao nyumbani, na kicheko kikitoka hajui kama tunacheka neno ao tunacheka kabila.

Juma lililopita wadogo wa mwaka wa pili walimuomba awafundishe salamu ya Kiluba cha kwao. "Moyo webe" ni kwa mtu mmoja. Kwa wengi ni "moyo wenu". Walichanganya kila mara. Yeye aliwangojea, mikono nyuma, mpaka kengele ikalia.