Ukiita "Kiprotich!" Chepkoilel, Wataitika Wangapi?

Msomaji, ukijaliwa kufika Chepkoilel, kaskazini mwa mji wa Eldoret, fanya jaribio hili. Amka mapema, simama kando ya barabara wakati wanariadha wanaotoka mazoezini wanapopishana na wanafunzi wa chuo kikuu, kisha ita kwa sauti, "Kiprotich!" Usishangae vijana watano wakigeuka kwa pamoja. Na wa sita, aliyekwisha kupita, atarudi kukuuliza unamtakia nini.

Mgeni hudhani hawa wote ni wa ukoo mmoja. La hasha! Wala si kwamba wazazi wao walikosa majina ya kuwapa. Majina yetu sisi Wakalenjin mengi ni ya saa na ya tukio. Kiprotich ni mvulana aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Kiprono alizaliwa mbuzi na kondoo wakirejea jioni. Kipkoech alizaliwa kukipambazuka, Kibet mchana, Kiprop mvua ikinyesha, na Kiptoo nyumbani kukiwa na wageni. Msichana hupewa jina lilo hilo, ila mwanzo wake hubadilika: Cherotich, Cherono, Chepkoech, Chebet, Cherop, Cheptoo. Sasa ng'ombe hurudi zizini kila siku ya Mungu, na mvua ya Uasin Gishu si haba. Piga hesabu mwenyewe.

Wanafunzi wa hapa, tangu chuo kilipoitwa Chepkoilel hadi kilipokuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka wa 2013, wamejitafutia dawa yao: kuna Kiprotich wa Kilimo, Kiprotich Mrefu, na Kiprotich wa Gitaa. Dunia ya nje haina ujanja huo.

Chukua akina Kipchoge wawili ambao hata mtoto wa darasa la kwanza anawajua. Jina hilo ni la mvulana aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Kipchoge Keino alizaliwa Nandi mwaka wa 1940, akanyakua dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico City mwaka wa 1968, kisha nyingine ya kuruka viunzi na maji kule Munich mwaka wa 1972. Uwanja wa michezo wa Eldoret una jina lake. Eliud Kipchoge naye alizaliwa Nandi, lakini mwaka wa 1984. Alishinda marathon ya Olimpiki Rio mwaka wa 2016, akairudia katika Michezo ya Tokyo mwaka wa 2021, na tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna akawa mtu wa kwanza kumaliza masafa hayo chini ya saa mbili: saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Wawili hawa si baba na mwana. Ni maghala mawili tofauti, na miaka 44 katikati.

Wazungu walizoea kumwita Keino "Kip". Jambo hili hunichekesha kila nikilisikia, maana Kip peke yake si jina. Ni alama tu ya kuonyesha kwamba aliyezaliwa ni mvulana. Ni sawa na kumwita mtu "Bin" halafu ukamwachia hapo.

Mambo yalianza kuvurugika hivi. Zamani, kijana akishatahiriwa alianza kuitwa kwa jina la baba yake, Kip ikiwa imeondolewa na neno arap kutangulizwa. Mwana wa Kiprono akawa arap Rono, mwana wa Kiplagat akawa arap Lagat. Ukoloni ulipokuja na vipande na rejista zake, na kanisa likaja na akina Robert na akina Stephen, jina la baba likageuzwa kuwa jina la ukoo kwa mtindo wa Kizungu. Lile la kuzaliwa likasukumwa katikati. Mara nyingi likafupishwa likawa herufi moja na nukta.

Athari ya nukta hiyo ilionekana Boston, Marekani, katika marathon ambayo imekimbiwa tangu mwaka wa 1897. Mwaka wa 2003 mshindi alikuwa Robert Cheruiyot wa Kenya. Akashinda tena mwaka wa 2006, 2007 na 2008, na ule wa 2006 akaweka rekodi ya njia hiyo: saa 2, dakika 7 na sekunde 14. Kisha mwaka wa 2010 Robert Cheruiyot wa Kenya akashinda kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 52, akaifuta rekodi ya Robert Cheruiyot wa Kenya. Isome sentensi hiyo tena, polepole.

Aliyekuwa akifuatia matokeo kwa mbali angedhani bingwa huyo amepata nguvu mpya uzeeni. Kumbe ni watu wawili, mmoja akimzidi mwenzake kwa miaka kumi. Mkubwa ni Robert Kipkoech Cheruiyot, mzaliwa wa Kapsabet. Mdogo ni Robert Kiprono Cheruiyot, wa kutoka Bomet. (Cheruiyot lenyewe ni la wakati watu wamelala, na ni la kiume ingawa linaanza kama la kike, kila kanuni ina mkaidi wake.) Waandishi wa michezo waliokuwa wakiliona jina la katikati kuwa pambo sasa walilazimika kuliandika herufi baada ya herufi, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuwatenganisha. Mapambazuko yalikuwa upande huu na mbuzi wa jioni upande ule.

London mwaka wa 2012 mambo yakawa yale yale. Dhahabu ya marathon ya Olimpiki ilikwenda kwa Stephen Kiprotich, na shaba kwa Wilson Kipsang Kiprotich. Mkenya ni huyo wa shaba! Mwenye dhahabu ni Mganda wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako Wasebei wana majina kama yetu kwa kuwa ni ndugu zetu wa damu; mpaka ulichorwa baadaye. Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka wa 1972. Na kijana huyo alifanyia mazoezi yake papa hapa, katika viunga vya Eldoret.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya ubishi uliozuka nyumbani kwetu. Dada yangu alijifungua mtoto wa kike jijini Nairobi, usiku, mvua ikinyesha kama iliyofunguliwa mfereji. Kogo, ndivyo tumwitavyo nyanya, alipopigiwa simu hakusita. "Cherop," akasema, na kwake mambo yakawa yamekwisha.

Shemeji yangu hakukubali. Yeye alitaka cheti cha kuzaliwa kiandikwe majina mawili ya Kizungu, kisha jina lake mwenyewe. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Benki moja mjini iliwahi kumdai mkopo wa mtu mwingine mwenye majina kama yake, akahangaika miezi mitatu akijieleza dirisha hadi dirisha. "Akina Cherop wamejaa," alisema. "Sitaki mwanangu aje alipishwe madeni ya watu."

Lakini hebu tazama, msomaji. Majina ambayo benki iliyaona ni mawili tu: lile la kanisani na lile la babake. Jina lake la kuzaliwa halikuwamo kwenye karatasi hata moja. Ndilo lililowaokoa akina Robert wawili, na ndilo alilotaka kumnyima mtoto. Mimi sioni jinsi jina la tatu linavyoweza kumchanganya mtu zaidi ya mawili. Ninaloliona mijini ni wazazi kulikwepa jina hilo kwa kuwa linanuka zizi, kisha kuwapa watoto majina ya waigizaji wa televisheni, ambao nao wana majina wanayoitwa na watu milioni.

Dada alimsikiliza kila mmoja wetu, kisha akachukua fomu akaijaza mwenyewe: jina la ubatizo, Cherop, na jina la baba. Nafasi zilikuwa tatu.

Shemeji akataka angalau kumshinda Kogo kwa swali. Na mtoto ajaye, akauliza, akizaliwa hospitalini taa zikiwaka, hakuna mbuzi, hakuna ng'ombe, hakuna mvua, ataitwa nani? Kogo akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji hupatikana wapi. Jina hilo lipo tangu Wazungu walipojenga hospitali, akamjibu: akiwa mvulana ni Kipchumba, akiwa msichana ni Chepchumba, kama yule Joyce Chepchumba aliyeleta shaba ya marathon kutoka Sydney mwaka wa 2000.