Meza ya Fulana

Oktoba 2001 nilikuwa nauza CD na fulana za bendi ya vijana wanne wa Leeds, na mauzo yangu yalikaa ndani ya kopo la biskuti nililoligawa kwa vipande vya katoni: guilder za Uholanzi, mark za Ujerumani, faranga za Ubelgiji, faranga za Ufaransa. Faranga hizo mbili hazikulingana thamani hata kidogo, na mteja aliyekwisha kunywa bia nne hakuwa na subira ya kuningoja nipige hesabu. Januari iliyofuata noti za euro zikaingia katika nchi 12 kwa mpigo, na lile kopo likabaki na chumba kimoja. Hayo ndiyo mabadiliko ya kwanza niliyoyaona nikiwa nyuma ya meza ile, na kusema kweli ndiyo pekee yaliyonipunguzia kazi.

Muziki haukunipeleka Uingereza. Mke wangu alipata kazi ya uuguzi Leeds, nami nikamfuata, nikawa nasambaza mikate kwa vani kabla hakujapambazuka. Jirani yetu alikuwa mpiga dramu. Bendi yake ilitafuta dereva aliyezidi miaka 25, kwa kuwa wakodishaji wa magari hawakutaka kuwapa vani vijana wa umri wao, na leseni yangu ilikuwa haina doa. Nikaambiwa nitaendesha, nitabeba vyombo, na usiku nitakaa mezani kuuza. Kwa umri wangu wa miaka thelathini na kidogo wakaniita “Mzee”, neno walilolipata kwangu mwenyewe.

Nilidhani nazijua bendi. Nilikulia Ilala, Dar es Salaam, nyumba ambamo baba alikuwa shabiki wa bendi ya Msondo na mjomba wa bendi ya Sikinde, na Jumapili hazikupita bila ubishi. Lakini bendi za kwetu zilikuwa na watu kumi na zaidi, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, awe chama cha wafanyakazi au shirika la DDC, na mwanamuziki alikuwa na mshahara, hata kama ulichelewa. Hawa wa Leeds walikuwa wanne, magitaa ni yao, amplifaya ni zao, na deni la kurekodi ni lao pia. Ndiyo maana ya bendi za indi: hakuna kampuni kubwa nyuma yenu. Mkipata hasara Antwerp, mnaijaza wenyewe mkirudi kuosha vyombo mgahawani.

Anayeitazama bendi jukwaani kwa dakika arobaini hana habari na saa nyingine za siku ile. Saa sita barabarani, mbili za kushusha mzigo, kisha kujaribu vyombo, kisha kungoja. Kungoja ndiko kunakomaliza watu. Ramani yetu ilikuwa kitabu cha barabara za Ulaya kilichonyofoka kurasa za Austria, na maelekezo ya ukumbi yalikuja kwa faksi: pinda kushoto penye kanisa, kana kwamba mji wa Kijerumani una kanisa moja. Ndani ya vani ugomvi ulikuwa mmoja tu, nani achague kanda. Siku hizi simu inaongoza njia na kila mtu ana visikio vyake. Unaweza kutoka Calais hadi Hannover bila mtu kusema neno. Ugomvi umekwisha, na mimi ule ugomvi naukumbuka kwa hamu.

Chakula kilinifundisha nchi kuliko kitabu chochote. Uingereza, bendi ndogo ilipewa kreti ya bia na pakiti za krispi, na promota akiwa muungwana, pauni kumi kila mmoja mkale mnakotaka. Mkimaliza kupiga saa tano usiku, hakuna kinachouzwa isipokuwa kebabu. Mnalala wapi? Shauri yenu. Mkivuka bahari mambo yanabadilika. Ujerumani, hata katika kituo cha vijana chenye kuta zilizochorwa ovyo na choo kisicho na mlango, mlikuta meza imetandikwa: mikate ya aina tatu, jibini, nyanya, na sufuria ya dengu iliyopikwa na wasichana wa kujitolea. Wengi wao hawakula nyama kabisa, na hilo likaniokoa, kwani sikuhitaji kuuliza kila jioni kama mchuzi una nguruwe. Kulala kulikuwa chumba cha juu ya ukumbi chenye vitanda vya ghorofa, na asubuhi kahawa iko tayari. Uholanzi hali kadhalika. Ukumbi wa Vera pale Groningen unaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, na mabango ya shoo wanayachapa wenyewe kwa mikono. Paradiso ya Amsterdam ilikuwa nyumba ya ibada kabla ya kufunguliwa kwa muziki mwaka 1968. Miji ile inatoa ruzuku kwa kumbi kama inavyotoa kwa maktaba. Wenzangu Waingereza walilisifu jambo hilo kila safari, na kila safari walirudi kwao na kulisahau.

Brussels tulikuwa na desturi yetu. Shoo ikiisha niliwapeleka Matonge, mtaa wa Wakongo, kula samaki na sombe kwa mama mmoja wa Bukavu. Aliponisikia naongea mara ya kwanza aliniuliza, “Weye uko mutu ya wapi, ndugu?” Tangu siku hiyo sahani yangu ilijaa kuliko za wenzangu.

Mpakani ndiko tulikoachana. Wenzangu walionyesha vijitabu vyao vya rangi ya zabibu, wakapita. Mimi na pasipoti yangu ya Tanzania nilihitaji viza ya Schengen kwa kila safari: barua za mapromota, bima, orodha ya miji, na uthibitisho wa mahali pa kulala kila usiku. Sasa niandike nini? Sakafu ya sebule ya mwanafunzi, Bielefeld? Mara nyingi nilipewa viza ya kuingia mara moja tu, na Uswisi wakati ule haikuwa ndani ya Schengen. Kwa hiyo bendi ikiwa na shoo Basel, mpiga besi alishika usukani nami nikabaki Lörrach, upande wa Ujerumani, na begi langu na sanduku la fulana, hadi waliporudi kesho yake. Desemba 2008 Uswisi ikaingia Schengen nami nikaanza kupita. Fulana hazikupita, maana Uswisi haimo katika umoja wa forodha: watu huru, pamba ihesabiwe.

Mmoja wa wanamuziki niliowaendesha baadaye alipiga klarineti, na klarineti yake ilikuwa ya mpingo, mti wa kwetu kabisa, unaovunwa Kilwa na kusini kote. Miaka yote niliyosimama foleni Dover, mpingo ulipita ndani ya kasha lake bila kuulizwa mama wala baba. Mwaka 2017 jenasi yake yote ikaingizwa katika orodha ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, wanamuziki wakaanza kuhangaikia karatasi. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikasamehewa. Katika miaka hiyo miwili mitatu mti ndio uliosumbuliwa, mimi nikipita. Nilikuwa nimekwisha kuchukua uraia wa Uingereza mwaka 2013, nimechoka na foleni za ubalozi. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ule wa kuzaliwa ukakoma. Nikienda kumwona mama Ilala nalipa dola 50 za viza kama mtalii.

Turudi mezani. Mwanzoni meza ilikuwa jambo la pembeni. Ujira wa ukumbi ulilipa mafuta, vani na feri. CD zikiuzwa vizuri, tulikula mkahawani badala ya kituo cha mafuta. Mwimbaji wetu hakuisogelea. Aliona haya kuuza, akisema kazi yake imekwisha jukwaani. Kisha muziki ukaanza kupatikana bure kwenye kompyuta, na baadaye, kuanzia Oktoba 2008, Spotify ikaingia sokoni. Nililiona badiliko hilo kwa mikono ya wateja kabla sijalisoma popote. Mtu anachukua CD, anaigeuza, anasoma majina ya nyimbo, anairudisha kwa upole na kuniambia ameipenda sana bendi, ataitafuta nyumbani. Wengine walipiga picha jalada. Kipato cha nyimbo zenyewe kikawa cha kuchekesha, na tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Nyimbo nyingi za bendi nilizoziendesha ziko chini ya hapo.

Kilichoziba pengo ni fulana. Halafu, jambo ambalo nisingeliamini mwaka 2001, santuri zikarudi, nzito, za rangi rangi, zikinunuliwa na vijana ambao wengine walikiri kwamba hawana hata mashine ya kuzipigia. Mwanzoni sikuwaelewa. Nikaja kuwaelewa nilipokumbuka kutunza kwetu, kwenye taarabu: mama anainuka na noti mkononi, anacheza polepole hadi mbele, anamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unaona. Hakuna anachonunua, wimbo ameshausikia. Mzungu hana njia ya kumtunza mwimbaji mbele za watu bila kuona aibu, kwa hiyo anamtunza kupitia kwangu, kwa euro 25, na anaondoka na fulana kama risiti.

Yule mwimbaji aliyeona haya alibadilika kabisa. Miaka kumi baadaye, kabla jasho halijamkauka, alikuwa ameshafika mezani na kalamu, anasaini, anakumbatia, anapiga picha na watu. Alinuna kwenye vani, akisema amegeuka mmachinga. Nilimjibu kwamba mmachinga hapangiwi bei ya barabara na mtu mwingine. Maana hapo ndipo kumbi nyingi za Uingereza zilipoanza kuiona meza: zinadai sehemu ya mauzo ya fulana, wakati mwingine robo nzima na kodi juu yake, ingawa hazikuchapa fulana, hazikuibeba na hazikuimba. Nimegombana na mameneja wa kumbi kwa jambo hili kuliko kwa jambo lolote lingine barabarani. Januari 2022 chama cha wasanii cha FAC kilitoa orodha ya kumbi zisizokata hata senti. Kilichonisikitisha ni kwamba orodha hiyo ilihitajika.

Tarehe 13 Novemba 2015 watu 90 waliuawa ndani ya ukumbi wa Bataclan, Paris, bendi ya Kimarekani ikiwa jukwaani. Mmoja wao alikuwa Nick Alexander, Mwingereza aliyekuwa akiuza fulana za bendi ile. Sikumjua. Lakini sisi wa mezani tunakaa karibu na mlango, na tangu usiku ule kila nikiingia ukumbini natazama kwanza njia ya kutokea iko wapi, ndipo nafungua sanduku. Mikoba ikaanza kupekuliwa, milango ikafunguliwa mapema zaidi, foleni zikarefuka.

Ugonjwa wa 2020 ulitufunga wote nyumbani. Hilo kila mtu ana simulizi lake. Barabara zilipofunguliwa tulikuta Uingereza imekwisha kutoka Umoja wa Ulaya, na kipindi cha mpito kilikuwa kimeisha tarehe 31 Desemba 2020. Vijana waliozaliwa Leeds wakasimama foleni ya wageni Calais, wakagongewa mihuri, wakahesabiwa siku 90 katika kila siku 180. Mpiga gitaa aliniuliza kwa hasira hii ni haki gani. Nilimpa biskuti. Mimi niliyeuacha uraia wa kuzaliwa ili nipite mlango ule, nilikuwa nyuma yake katika foleni ile ile.

Vyombo sasa vinaandikiwa hati ya forodha inayoitwa karneti ya ATA: kila gitaa, kila amplifaya, thamani yake na namba yake. Fulana hazimo, kwa kuwa hati hiyo ni ya vitu vitakavyorudi, na fulana huenda kuuzwa. Inabidi zitangazwe na kulipiwa kodi pale zinapoingia. Kwa hiyo bendi nyingi ndogo, yetu ikiwemo, huagiza fulana zichapishwe Ujerumani au Uholanzi, nami nazipokea kwenye ukumbi wa kwanza. Bendi zisizoweza kulipia hati hukaa nyumbani. Dengu za wale wasichana bado zipo, waliobaki kuzila ni wachache.

Kwa maoni yangu, bendi ndogo ya leo barani Ulaya ni duka la nguo linalovuta wateja kwa muziki, na anayekasirishwa na maneno haya aje apige hesabu ya safari moja pamoja nami. Nayasema kwa sababu siku hizi vijana wa singeli kutoka Dar wanaalikwa huko, na naona wengine wanapanda ndege na kompyuta na kipaza sauti tu. Mdogo wangu, ukipata mwaliko, kabla hujauliza habari za hoteli uliza meza ni ya nani, ukumbi unakata asilimia ngapi, na fulana zitachapishwa wapi. Majibu yake yaandikwe kwenye mkataba, na mkataba utiwe saini ukiwa bado Dar.