Msumeno Katika Nchi ya Maji: Kumbukumbu za Mpasuaji Mbao wa Mbugani

Upasuaji wa mbao Mbugani, yaani katika tambarare ya Kyela inayopokea maji ya mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kabla hayajaingia Ziwa Nyasa, ni kazi ambayo ratiba yake hupangwa na mvua kabla ya soko au mwenye kibali kusema lolote. Mito hiyo huteremka kwa kasi kutoka milimani, na ikifika tambarare, ambayo iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, hupoteza nguvu, ikaacha tope lake na kufurika. Kwa kuwa mvua hapa huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na kilele chake huwa Machi na Aprili, miti ya kandokando ya mito husimama majini kwa majuma kadhaa, na baada ya maji kupungua ardhi hubaki laini kwa muda mrefu kiasi kwamba trekta haliwezi kuvuta gogo.

Mwandishi wa tawasifu hii aliingia katika kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ziwa lenyewe lilipokuwa likipanda kuelekea kilele cha mwaka 1980, na alianzia pale wanapoanzia wote, chini ya gogo. Kwingineko mpasuaji huchimba shimo, gogo likalazwa juu yake, mmoja akasimama juu na mwingine akaingia shimoni. Mbugani shimo hujaa maji kabla halijafika magotini, hivyo wapasuaji walijenga chanja, yaani jukwaa la nguzo zenye panda zilizokitwa hadi kwenye udongo mgumu, kisha wakaliviringisha gogo juu yake kwa miti ya kuegemeza na kamba. Mti nao haukuangushwa ovyo, bali palitandikwa kwanza matawi na miti midogo mahali ulipotarajiwa kulala, kwa maana shina la mkangazi likizama nusu katika tope huwa taabu kubwa kulinyanyua, na wako waliokata tamaa wakaliacha lioze.

Kabla ya kupasua, gogo lilichongwa upande mmoja kwa shoka, likapigwa uzi: uzi wa pamba ulichovywa katika maji yaliyochanganywa na unga mweusi wa betri kuukuu za redio, ukavutwa ncha hadi ncha, ukainuliwa katikati kwa vidole viwili na kuachiwa, nao ukaacha mstari mweusi ulionyooka. Mtu wa juu aliufuata mstari huo, na ndiye aliyeitwa fundi. Mtu wa chini, ambaye kwa hakika ndiye aliyefanya kazi nzito, kwa kuwa meno ya msumeno wa kupasulia hukata unapovutwa chini, alipokea vumbi lote usoni. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuziba pua, na mvule una hila nyingine, nayo ni jiwe: madini ya chokaa yanayoganda ndani ya shina, hasa palipowahi kujeruhiwa, yasiyoonekana kwa nje, ambayo huweza kuharibu kwa mkupuo mmoja meno yaliyonolewa kwa tupa asubuhi nzima.

Mzigo ulitoka msituni ukiwa mbao, si gogo. Wakati wa kiangazi ulibebwa kichwani, na maji yalipokuwa bado yamejaa vijitoni ulipakiwa mitumbwini. Katika misitu ya mafuriko ya Amazon magogo hukatwa wakati wa kiangazi yakasubiri maji ya kuyaelesha, na katika delta ya Rufiji wakata boriti za mikoko huhudumiwa na maji kupwa na kujaa kila siku. Mafuriko ya Kyela hayana uaminifu huo, kwani huja kwa ghafla na kuondoka bila taarifa, na gogo bichi la mvule ni zito mno kuaminiwa kuelea. Kwa sababu hiyo ubebaji, kuliko upasuaji, ndio uliochagua mti wa kukatwa, na miti mizuri kabisa ilisalimika kwa miaka mingi kwa sababu tu ilisimama ng'ambo ya tope. Kwenye Mto Songwe, ambao huhamisha mkondo wake na kuutia utata mpaka wa Tanzania na Malawi, palikuwa hata na shaka kama mti fulani ni wa nchi gani, nayo ilikuwa sababu tosha ya kuuacha.

Ulinzi huo wa tope ulipunguzwa na msumeno wa mnyororo, ambao mtu mmoja huubeba begani na kupasulia palepale mti ulipoangukia, na zaidi ukapunguzwa na mpunga, kwa sababu mkulima anayefungua jaruba hauhitaji mti hata kwa mbao. Kakao imekuwa na huruma zaidi, kwa kuwa hupenda kivuli, na mivule kadhaa imebaki mashambani kwa ajili hiyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa vibali, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ziwa.

Kenchi za paa za Kyela sasa hutengenezwa kwa mbao za paina kutoka nyanda za juu, ambako ndiko liliko shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi. Wateja ambao paina haijawatosheleza ni wachongaji wa mitumbwi ya gogo moja, wanaohitaji shina nene, refu na lisilo na jiwe, na mashina ya namna hiyo yaliyosalia karibu na ziwa mengi yamo ndani ya zile mita 60.