Miguu ya Mbele ya Datsun

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo imeingia Datsun 240Z hapa Kariobangi Light Industries, na mafundi wa vibanda vyote jirani wameacha kazi zao kuja kuitazama. Mwenyewe ni mzee wa Buruburu. Amekuja nayo polepole kwa Outering, tena asubuhi kabla matatu hazijachangamka. Aliposhuka akaniambia, "Fundi, ikiingia shimo inagonga, na nikishika breki inanivuta kushoto."

Nimeiinua kwa jeki. Gurudumu la kushoto nimelitikisa juu na chini, halichezi, kwa hiyo beringi ni nzima. Nikaingiza mtaimbo penye ile fimbo inayotoka kwenye aamu ya chini kurudi nyuma hadi kwenye bodi, ikacheza yote. Mpira wa bushi umeisha, chuma kinasuguana na chuma. Maana ya kuvuta kushoto ni hiyo: ukikanyaga breki, gurudumu la upande ule linarudi nyuma kidogo na usukani unalifuata.

Struti zote mbili zinavuja. Ukiibonyeza pua ya gari chini inapanda, inashuka, inapanda tena.

Jumanne, 4 Machi

Tumefungua mbele yote. Taniboi wangu ameshangaa jinsi vitu vilivyo vichache. Kila upande kuna struti moja iliyovaa springi, aamu moja chini, bolijointi moja, na ile fimbo. Stabilaiza ndiyo inayounganisha kushoto na kulia. Mpango wenyewe ni wa Earle MacPherson, ulikuwa kwenye Ford Consul ya 1950, na leo ndio uko mbele ya kila Probox inayokimbiza miraa mjini.

Nimemweleza kijana kwamba kwa mpangilio huu huu Edgar Herrmann na Hans Schüller walichukua ushindi wa mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971, na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta ikaja ya pili. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye pia alikuwa ndani ya Datsun. Magari ya kiwanda yaliimarishwa sana kwa ajili ya mashindano, hilo linajulikana. Lakini gari lenye vipande vichache hufunguliwa kando ya njia na kufungwa tena likaendelea, na kwa barabara za Safari za wakati ule, hilo lilikuwa jambo kubwa. Napenda vijana wa hapa wajue historia hii. Wengi wanadhani 240Z ni gari la kupigia picha.

Alhamisi, 6 Machi

Mtoto wa mzee amekuja na orodha ya spea alizotaka kuagiza. Anataka springi fupi gari lilale, na bushi za poliurethani kila mahali. Baba yake amekaa kwenye stuli akatuachia tuzungumze.

Nimempeleka nje nikamwonyesha barabara yetu. Mvua za masika hazijashika sawasawa na tayari lami imeanza kung'oka kingo. Gari likilazwa, struti inabakiwa na nafasi ndogo ya kushuka, kila shimo inagonga mwisho wake, na aamu ya chini inabadili pembe hata usukani unajigeuza wenyewe ukipita tuta. Taniboi naye akaleta lake: tuweke spesa za mpira tuinue, kama wanavyofanyiwa wateja wengi mjini. Nimekataa pia. Spesa inainua gari lakini haiiongezei struti urefu. Gurudumu likidondoka shimoni, struti inafika mwisho wa kunyooka mapema, na hapo inavutana na kiti chake cha juu.

Kuhusu bushi, ile fimbo inayorudi nyuma ndiyo niliyosimamia zaidi. Aamu ikipanda na kushuka, fimbo lazima ijipinde kidogo kwenye bushi zake. Ukiifunga kwa poliurethani ngumu pande zote mbili, haina pa kujipinda. Chuma chenyewe ndicho kinapindwa kila tuta, hadi shingo ikatike. Fikiria ikikatika kwenye mteremko, mguu ukiwa kwenye breki. Penye fimbo nataka mpira. Penye stabilaiza, poliurethani ni sawa kabisa, kwa sababu pale chuma kinazunguka tu.

Tumekubaliana hivi: katiriji za gesi za kuingia ndani ya struti, springi ngumu kidogo lakini za kimo cha kiwandani, stabilaiza nene zaidi, bolijointi mpya, mpira mpya kwenye aamu na fimbo. Mzee ndiye aliyesema "sawa" wa kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Katiriji ni fupi kuliko mrija wa struti. Nimempelekea mtu wa leithi vipimo, akachonga kipande cha chuma cha kukaa chini yake, sawa kabisa, bila kucheza hata chembe. Nimemimina oili kidogo ndani ya mrija kabla ya kufunga nati kubwa ya juu, ili joto la katiriji lipate njia ya kutoka. Wengi huiruka hatua hii, na katiriji inakufa mapema.

Jumatano, 12 Machi

Bolti za aamu nimezikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Nimesisitiza hili kwa taniboi kwa sauti: ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi unakamatwa ukiwa umejinyonga, ukishusha gari unaanza kuchanika siku ile ile.

Alaimenti imekuwa fupi. Gari hili kiwandani lilipewa nafasi ya kurekebisha mwelekeo wa magurudumu kwa tairodi tu. Kulala kwa gurudumu hakubadiliki bila kuongeza vifaa, na kwa vipimo nilivyopata leo hakuna haja.

Jumapili, 23 Machi

Elfyn Evans ameshinda Safari leo kule Naivasha. Mzee alikuwa akisikiliza redioni alipopita na 240Z yake. Nimeiendesha Kangundo Road hadi Komarock na kurudi. Breki nimezishika kwa nguvu usukani ukiwa huru mikononi, ikasimama wima. Kwenye matuta ya Kayole pua inashuka mara moja, inapanda mara moja, basi.

Nimemwambia, "Mzee, irudishe baada ya kilomita 500. Nitakaza nati za fimbo upya, nikague kama katiriji ina jasho." Amekubali. Mtoto wake ameniomba nimfundishe kufungua struti siku hiyo. Nimemwambia aje na ovaroli.