Video Yangu Haikuonyesha Kuwasha Meko

Wasee, leo sina utani. Mdogo wangu aliungua mkono kwa sababu ya video yangu.

Mnaonifuata mnajua nilirudi nyumbani Makindu baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, nikaanza kurekodi mapishi. Muthokoi, chapati, mayai ya haraka. Ile ya mayai ndiyo ilitembea sana. Sekunde 30 tu: kikaango kiko motoni, kitunguu ndani, mayai ndani, kwisha. Rahisi bana.

Kitinda mimba wetu ana miaka tisa. Mathe huuza machungwa na maembe kwa abiria kando ya barabara ya Mombasa, na jioni hiyo alikuwa amechelewa. Mimi nilikuwa chumbani nahariri video nyingine, muziki umejaa masikioni. Mtoto akasikia njaa, akaamua kupika kama kaka. Kila kitu alichokiona kwa video alikifanya sawa. Ambacho hakukiona ni jinsi moto unavyowashwa. Alifungua gesi kwanza, halafu ndio akaanza kutafuta kiberiti. Kiberiti kilikuwa juu ya kabati. Akavuta kiti, akapanda, akashuka, akawasha.

Nilisikia vuu! halafu kilio. Nyusi zimeenda, ngozi ya mkono wa kulia imebabuka. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno, akampaka kwa roho safi. Sikumzuia, maana hata mimi sikujua. Hospitalini ilibidi waioshe ile dawa ya meno mtoto akipiga nduru. Muuguzi aliniambia kilichohitajika ni maji baridi ya mfereji, yatiririke juu ya kidonda dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha hospitali. Si dawa ya meno, si mayai, si mafuta.

Tuliporudi, mathe alitoa amri: mtoto asikanyage jikoni tena. Hapo ndipo natofautiana naye, na heshima zote. "Usiguse" ndilo somo pekee nililofunzwa mimi pia. Nilikatazwa meko miaka yote, halafu siku moja nikaambiwa, "Pika, mimi nachelewa." Kati ya "usiguse" na "pika" hakuna aliyenionyesha chochote. Nadhani wengi wenu mlilelewa hivyo. Marufuku haimtoi mtoto jikoni. Inamfanya aingie wakati hakuna mtu anamwona.

Na sisi watu wa Makindu tunajulikana kwa kulisha watu. Gurudwara yetu, iliyojengwa 1926, huwapa wasafiri chakula bure, wa dini yoyote. Mji wenye jiko kama hilo unashindwa kumfundisha mtoto wake kuwasha moto?

Nilimwomba mathe anipe Jumamosi. Akakubali shingo upande, akaketi mlangoni kutazama.

Somo la kwanza hatukuwasha kitu. Nilimweleza kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, inatulia chini sakafuni ikingoja cheche. Ile harufu mbaya imewekwa makusudi, maana gesi yenyewe hainuki. Ukiisikia, funga koki, fungua mlango na dirisha, usiguse swichi wala kiberiti, toka nje, ita mtu mzima.

Akaniuliza, "Kwa hivyo siku ile ilikuwa inajaa huku chini nikitafuta kiberiti?"

Nikasema ndiyo. Akanyamaza. Hakuna mtu alikuwa amewahi kumweleza sababu, tulimpa makatazo tu.

Somo la pili: kiberiti kiwe mkononi kwanza, kiwake, ndipo koki ifunguliwe polepole. Mkono wa kikaango ugeuzwe ndani, usitokeze nje. Nywele zifungwe, mikono ya sweta ikunjwe. Birika la umeme lishikwe na mikono mikavu, maji yatangulie, swichi ifuate, na waya usining'inie ukingoni mwa meza. Ile presha kuka ya stima tunayopikia isyo bado haruhusiwi kuifungua. Anajua lazima mvuke uishe na kipini kishuke, lakini kazi hiyo ni yangu kwa sasa. Kumfundisha mtoto si kumwachia kila kitu siku moja.

Ile video ya mayai niliitoa. Ilikuwa inaniletea watu, kwa hivyo sitawadanganya, iliniuma. Nimerekodi nyingine ya dakika nne, na nusu yake ni kuwasha na kuzima tu. Wameitazama wachache sana. Sawa tu. Kama una mdogo wako nyumbani, mwonyeshe. Afadhali zaidi, zima simu uingie naye jikoni.

Jumamosi iliyopita aliwasha meko mwenyewe, mimi nikiwa hatua moja nyuma yake. Mkono wenye kovu ulikuwa unatetemeka, lakini kiberiti kilitangulia. Akapika mayai, akampelekea mathe pale mlangoni. Chumvi ilizidi. Mathe alimaliza yote, kisha akauliza, "Na gesi umezima?"

Alikuwa ameshazima, kabla hata ya kupakua.