Stara Haibandikwi Mwisho

Mwaka jana nilikwenda Roma kumtazama mdogo wangu aliyejifungua. Siku moja akaniambia, "Dada, twende Makumbusho ya Vatikani." Nikasita. Mimi Muislamu, nifanye nini kwa Papa? Akacheka. "Hatwendi kusali, twenda kutazama."

Sheria yao ni mabega na magoti yafunikwe. Mlangoni wanawake waliokuja mikono wazi walikuwa wanahangaika kutafuta mitandio. Mimi na abaya yangu na ushungi nikapita salama.

Ndani ni kukubwa, mpaka miguu inauma. Chanzo chake ni mwaka 1506, ilipofukuliwa sanamu ya kale ya marumaru, Laocoön, kwenye shamba la mizabibu. Nikaona mchoro wa Raphael wa wanafalsafa wa Ugiriki, na kati yao mtu wa kilemba anayesemekana ni Ibn Rushd wetu. Kwenye sanaa za dini za zama hizi yumo Matisse, aliyebuni madirisha ya kanisa la Vence kwa kukata karatasi za rangi na mkasi, kama ninavyokata kitambaa mimi.

Lakini kilichonishika ni ukuta wa kanisa la Sistine. Michelangelo alichora pale Siku ya Hukumu, kuanzia 1536 hadi 1541, na watu wengi aliwachora utupu. Wakubwa wa kanisa wakachukizwa. Baadaye akaitwa mchoraji mwengine, Daniele da Volterra, awachoree vitambaa vya kuwasitiri. Watu wakampachika jina la Mshona Suruali.

Mdogo wangu alicheka. Mimi nilimkumbuka biharusi wangu mmoja. Alitaka gauni la mgongo wazi, nami kwa kuogopa kumkosa mteja nikashona. Usiku wa kuamkia harusi bibi yake akalikataa. Nikabandika lesi mgongoni usiku ule ule, na rangi haikulingana. Mtoto wa watu akaingia ukumbini macho yamevimba kwa kulia, na picha zile ndizo atakazobaki nazo. Kosa lilikuwa langu. Nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza.

Tangu nirudi, kabla sijashika futi namuuliza biharusi: ukumbi ni wa wanawake watupu au mchanganyiko? Mama na bibi wanasemaje? Na wewe mwenyewe, mbele ya Mola wako, umeridhia nini? Majibu yake ndiyo yanayonipa mkato wa gauni, na likitoka linatoka zuri, mashallah, halina kiraka.

Mmoja hakuyapenda maswali yangu, akaenda kwa fundi mwengine. Riziki anatoa Mungu.

Nawe mpenzi unayejiandaa, yaseme haya na fundi wako siku ya vipimo, usingoje usiku wa mwisho. Allah awajaalie ndoa zenye kheri na stara. Amin.